Mpangaji wa ghorofa ya tatu na mabadiliko ya tabianchi: nianzie wapi?

Swali: Ninaishi ghorofa ya tatu katika jengo la kupanga, katikati ya mji. Sina shamba, sina kiwanja, hata paa si langu. Kila ninachosoma kuhusu mabadiliko ya tabianchi kinazungumzia barafu, misitu na wakulima. Sikusomea sayansi. Nataka kuelewa jambo hili kwa uhakika na kufanya kitu chenye maana, lakini sijui nianzie wapi, na mara nyingine najiuliza mtu mmoja kama mimi atabadilisha nini. Mwanangu wa miaka 10 naye ameanza kuniuliza kama dunia itaungua.

Jibu: Ndugu yangu, anzia hapo hapo unapoishi. Jengo lako, barabara inayopita mbele yake na mtaro ulio kando ya barabara hiyo vitakufundisha tabianchi kuliko picha za barafu inayoyeyuka. Mabadiliko haya humfikia mkazi wa mji kwa njia mbili kuliko nyingine zote: joto linalokaa ndani ya nyumba usiku kucha, na maji ya mvua yanayokosa pa kupita. Ukielewa vizuri jinsi hayo mawili yanavyofanya kazi mtaani kwako, utakuwa umeelewa sehemu kubwa ya somo lenyewe, na utakuwa na jambo mahususi la kuwaambia wanaopanga mji. Huko kwenye mipango na bajeti ya mji ndiko nguvu ya mpangaji asiye na paa wala kiwanja iliko.

Sayansi ya kuanzia si nyingi. Jua hupasha ardhi joto, ardhi hulirudisha joto hilo angani, na baadhi ya gesi zilizomo hewani, hasa mvuke wa maji, hewa ukaa na methani, hulizuia lisitoke lote. Bila gesi hizo dunia ingeganda. Tatizo ni kwamba tangu viwanda vianze kuchoma makaa ya mawe, kisha mafuta na gesi asilia, tumeziongeza kupita kiasi. Jambo hili halikugunduliwa jana. Svante Arrhenius, mwanakemia wa Sweden, alikokotoa mwaka 1896 kwamba hewa ukaa ikiongezeka, joto la dunia litapanda. Tangu 1958 gesi hiyo inapimwa mfululizo kwenye mlima Mauna Loa, Hawaii. Mwanzoni ilikuwa kama sehemu 315 katika kila sehemu milioni moja za hewa, na sasa imevuka 420. Joto la wastani la dunia katika miaka ya 2011 hadi 2020 lilikuwa juu kwa nyuzi 1.1 za Selsiasi kuliko lile la nusu ya pili ya karne ya 19, na mwaka 2024 ulikuwa wa kwanza kuvuka nyuzi 1.5. Shika na hili: kila hewa inapopata joto zaidi kwa nyuzi moja, huweza kubeba mvuke wa maji zaidi kwa asilimia 7 hivi. Ndiyo sababu mvua kubwa zinazidi kuwa kubwa, hata mahali ambapo jumla ya mvua ya mwaka mzima haijabadilika sana.

Ukitaka kusoma zaidi, chanzo kikuu ni jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi, IPCC, lililoanzishwa 1988. Jopo hilo halifanyi utafiti wake lenyewe. Hukusanya tafiti za dunia nzima, huzipima na kueleza zipi zina uhakika kiasi gani. Ripoti zake ni nene na nzito, kwa hiyo usizisome kuanzia ukurasa wa kwanza. Tafuta sehemu za maswali yanayoulizwa mara kwa mara, zilizoandikwa kwa ajili ya watu wasio wanasayansi. Chanzo cha pili ni mamlaka ya hali ya hewa ya nchi yako. Wao ndio wenye vipimo vya kituo kilicho karibu nawe, na ndio watakaokuambia wastani wa mvua na joto wa miaka 30. Nataja miaka 30 kwa sababu ndicho kipindi wanachotumia wataalamu wanaposema tabianchi. Chini ya hapo tunazungumzia hali ya hewa. Mafuriko ya juzi peke yake hayathibitishi chochote, na asubuhi moja ya baridi haikanushi chochote. Hata hivyo, siku hizi inawezekana kupima mchango wa mabadiliko ya tabianchi katika tukio moja. Tangu 2014 kuna kundi la wanasayansi liitwalo World Weather Attribution ambao, siku au wiki chache baada ya mafuriko au wimbi la joto, hukokotoa ni kwa kiasi gani tukio hilo limechochewa na ongezeko la joto duniani. Mtu akikuletea dai lolote kwenye simu, muulize limetokana na vipimo vya miaka mingapi, vya mahali gani, na nani aliyepima. Madai mengi ya uongo huishia hapo, hasa yale yanayochagua mwaka mmoja wa joto kali kuwa mwanzo wa mstari ili miaka iliyofuata ionekane imepoa.

Baada ya hapo, tafuta kipimajoto. Luke Howard hakuwa mwanasayansi wa kuajiriwa. Alikuwa mtengenezaji wa dawa katika jiji la London, mtu aliyependa kutazama mawingu, na majina ya mawingu tunayotumia hadi leo yametokana na mpangilio wake. Kwa miaka mingi alipima joto nje ya jiji na kulilinganisha na la ndani. Katika matokeo aliyoanza kuyachapisha mwaka 1818, alionyesha kwamba usiku jiji lilikuwa na joto zaidi kwa karibu nyuzi 2. Elimu ya hali ya hewa ya miji, ambayo ndiyo kazi yangu, ilianza kwa mtu mwenye daftari, kipimajoto na subira.

Alichokiona Howard ndicho utakachokiona wewe. Zege, tofali na lami hunywa joto mchana kutwa, kisha hulitoa polepole usiku. Majengo yaliyobanana huzuia joto hilo lisipande moja kwa moja angani. Mahali palipokatwa miti hapana majani ya kutoa mvuke unaopoza hewa. Juu ya hayo, injini za magari na viyoyozi huongeza joto lao, kwa sababu kiyoyozi hakiliui joto, hulitoa chumbani na kulimwaga barabarani.

Pima kivulini, kimo cha kifua, mbali na ukuta, na usubiri dakika 10 kabla ya kusoma. Pima kama saa 9 alasiri na tena alfajiri kabla jua halijachomoza, katika sehemu tatu: barabara isiyo na mti, chini ya miti, na chumba unacholala. Andika pia kama kulikuwa na mawingu au upepo. Kuna mambo mawili yatakayokushangaza. Mchana, hewa ya chini ya mti na ile ya barabarani hazipishani sana, pengine nyuzi moja au mbili tu, ingawa mwili wako unaona tofauti kubwa. Mwili haukosei. Kinachokuchoma barabarani ni miale ya jua inayokupiga na joto linalotoka kwenye lami na kuta, na hivyo havisomeki kwenye kipimajoto kilicho kivulini. Kwa hiyo ukiona picha ya lami yenye nyuzi 60, elewa kwamba aliyepima amepima uso wa lami wala si hewa. Vipimo vyote viwili ni sahihi, na wanaovichanganya ndio wanaowapa wapinzani nafasi ya kusema tunatia chumvi.

Jambo la pili ni chumba cha kulala. Mara nyingi alfajiri utakuta ndani kuna joto kuliko nje, na namba hiyo ya alfajiri ndiyo ninayoijali kuliko zote. Mwili uliovumilia jua mchana hupumzika usiku. Usiku ukikosa kupoa kwa siku tatu au nne mfululizo, moyo na figo huanza kushindwa, kwanza kwa wazee na wagonjwa.

Vipimo vya wakazi vina uzito. Mwaka 2017 mjini Richmond, jimbo la Virginia, Marekani, watu wa kujitolea walizunguka mji siku moja ya kiangazi wakipima joto mtaa kwa mtaa, na tofauti kati ya mitaa zikaonekana wazi. Mwaka 2020 ukatoka utafiti wa miji 108 ya nchi hiyo. Watafiti walichukua mitaa ambayo katika miaka ya 1930 ilinyimwa mikopo ya nyumba, kwa sehemu kubwa kwa sababu ya rangi ya wakazi wake, wakaangalia joto la ardhi yake leo. Katika asilimia 94 ya miji hiyo, mitaa iliyonyimwa ina joto zaidi, kwa wastani nyuzi 2.6. Miti na bustani zilifuata fedha, na lami na maghala vikapelekwa kwa waliobaki. Ukipima mtaa wako na wa jirani wenye nafasi zaidi ukakuta tofauti, jua kwamba nyuma yake kuna maamuzi yaliyofanywa na watu, na yaliyofanywa na watu hubadilishwa na watu.

Nikae kidogo kwenye joto, kwa sababu ndilo linaloua kimya kimya. Mafuriko hupigwa picha. Mzee anayefariki chumbani kwake saa 10 alfajiri huandikwa kuwa amekufa kwa moyo. Julai 1995 jiji la Chicago lilipata siku chache za joto lililofika nyuzi 41, na vifo vikazidi kiwango cha kawaida kwa zaidi ya 700. Mwanasosholojia Eric Klinenberg alilinganisha mitaa iliyopakana, yenye umaskini unaokaribiana na wazee wengi wanaoishi peke yao, na akakuta vifo vimepishana sana. Pale palipokuwa na maduka yaliyo wazi, watu wanaotembea barabarani na majirani wanaojuana, walionusurika walikuwa wengi zaidi. Kwingine, mitaa ilikuwa imehamwa na waliobaki walijifungia ndani, hakuna aliyegundua kwamba fulani hajaonekana tangu juzi.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kufanya halihitaji ruhusa ya mtu, wala fedha. Kabla ya msimu wa joto kufika, kaa na majirani zako muorodheshe wakazi wa jengo walio hatarini: wazee wanaoishi peke yao, wajawazito, wenye watoto wachanga, wagonjwa wa moyo, figo au kisukari, na wanaofanya kazi juani. Kila mmoja wao apangiwe watu wawili wa kumjulia hali asubuhi na jioni siku za joto kali. Gongeni mlango. Ujumbe wa simu hautoshi, kwa sababu dalili mbaya kuliko zote ni kuchanganyikiwa, na mtu aliyechanganyikiwa anaweza kukuandikia kwamba yuko salama. Ukimkuta anaongea mambo yasiyoeleweka, anayumba au mwili unawaka moto, iteni huduma ya dharura papo hapo. Wakati mnasubiri, mwekeni kivulini, mloweshe mwili kwa maji na kumpepea.

Kuhusu feni, Shirika la Afya Duniani linashauri isitumike joto likizidi nyuzi 40, kwa maana hapo humpulizia mtu hewa ya moto na kumpasha badala ya kumpoza. Funga mapazia na madirisha mchana, yafungue usiku nje kunapopoa. Daftari lako la vipimo litakuambia ni saa ngapi hasa nje kunakuwa na nafuu kuliko ndani, na saa hiyo hutofautiana jengo kwa jengo.

Mji mzima unaweza kufanya hivyo pia. Mei 2010 jiji la Ahmedabad, India, lilipigwa na joto la karibu nyuzi 47, na vifo vikazidi kawaida kwa zaidi ya 1,300. Mwaka 2013 jiji hilo likaanza kutumia mpango wa kukabiliana na joto, wa kwanza katika Asia ya Kusini. Nikiusoma ninaona mambo ya kawaida kabisa: onyo linalotolewa siku kadhaa mapema, wauguzi waliofundishwa kutambua dalili, vituo vya maji ya kunywa, na baadaye kupaka chokaa nyeupe mapaa ya nyumba za watu wa kipato cha chini. Barcelona nayo ilianza mwaka 2020 kutenga maktaba, shule na majengo mengine ya umma kuwa mahali pa kujisitiri na joto, na sasa yamefika mamia. Hakuna mji usio na jengo la umma lenye kivuli na maji. Swali ni kama kuna aliyeamua liwe wazi siku ya joto kali, na kama wakazi wanalijua.

Nalo paa, ambalo umesema si lako, lina mwenyewe, na mwenyewe ana maslahi. Rangi nyeupe hurudisha sehemu kubwa ya mwanga wa jua, hupunguza joto la ghorofa ya juu, na paa lisilochemka kila mchana halipasuki upesi. Zungumzeni naye kama wapangaji wote kwa pamoja, mkiwa na vipimo vya vyumba vyenu.

Sasa tuje kwenye maji. Hapa nakuomba ushike hesabu moja. Milimita 1 ya mvua ikinyesha kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1 kamili. Chukua paa lenye urefu wa mita 20 na upana wa mita 15: ni mita za mraba 300. Ikinyesha mvua ya milimita 40, paa hilo moja limemwaga lita 12,000 chini. Mtaa wenye ukubwa wa hekta 1 uliofunikwa wote kwa zege na lami utamwaga lita 400,000. Udongo wenye nyasi na mizizi ungenyonya sehemu nzuri ya maji hayo. Zege halinyonyi kitu. Yote yanakimbilia kwenye mtaro mmoja, kwa wakati mmoja.

Na huo mtaro ulichimbwa kwa hesabu. Mhandisi huchukua kumbukumbu za mvua za miaka iliyopita na kuamua kwamba mtaro ubebe, tuseme, mvua kubwa ya aina inayotokea mara moja kwa miaka 10. Kumbukumbu zikiwa za zamani, mvua zikawa zimeongezeka nguvu, na viwanja vilivyokuwa wazi vikawa vimejengwa, mtaro uliotosha wakati ule hautoshi leo hata ukiwa msafi. Ukikutana na mhandisi wa mji, muulize hivi: mtaro huu ulikokotolewa kwa mvua ya kiasi gani, na kumbukumbu zilizotumika ni za miaka ipi? Swali hilo huwafanya wakae sawa kitini, kwa sababu haliwezi kujibiwa kwa kusema wananchi wanatupa taka.

Simaanishi taka si tatizo. Kuzibua mtaro kabla ya masika ni kazi njema na ninaiunga mkono. Lakini nimeona mitaa inayozibua mtaro ule ule kila mwaka bila mtu kuuliza kwa nini gari la taka halifiki pale, na kazi ya umma inageuka kuwa desturi ya kufunika uzembe wa wengine.

Copenhagen ilijifunza kwa gharama. Tarehe 2 Julai 2011 ilinyesha mvua ya zaidi ya milimita 150 ndani ya saa mbili hivi katika baadhi ya maeneo, na hasara ikafika karibu dola bilioni moja. Mwaka uliofuata jiji likapitisha mpango wa miradi ipatayo 300, na mingi kati yake si ya mabomba. Ni bustani zilizochimbwa chini kidogo ya usawa wa barabara ili zijae maji kwa muda, barabara zilizoinamishwa ili ziyaelekeze maji mbali na nyumba, na viwanja vya umma vinavyogeuka mabwawa siku ya dhoruba.

Jijini Dar es Salaam njia ilikuwa nyingine. Kuanzia 2015, mradi wa Ramani Huria uliwashirikisha wanafunzi wa vyuo na wakazi wa mitaa kuchora nyumba, vichochoro, mitaro na maeneo yanayofurika, na kuyaweka kwenye ramani huria ambayo mtu yeyote anaweza kuitumia. Jambo ninalolipenda katika kazi hiyo ni kwamba waliohojiwa kuhusu kimo cha maji walikuwa wanaoishi pale. Hakuna setilaiti inayojua maji yalifika wapi kwenye ukuta wa jirani yako. Wewe unajua. Mvua ikishapita, piga picha alama ya maji ukutani ukiwa umeweka rula au futi ya kupimia kando yake, andika tarehe na saa, weka alama kwenye ramani. Usifanye hivyo maji yakiwa bado yanakwenda kasi: sentimita 15 za maji ya mbio zinaweza kumwangusha mtu mzima, na sentimita 30 zinaweza kuchukua gari dogo.

Hapo ndipo pa kumshirikisha mwanao. Mwambie ukweli: dunia haitaungua kama karatasi, lakini inapata joto, jambo hilo linaumiza watu, na kila sehemu ya nyuzi tunayoizuia inapunguza madhara. Kisha mpe kazi: kupima mvua kwa kipimamvua mtakachotengeneza wenyewe. Chukueni chupa ya plastiki yenye kuta zilizonyooka, ikateni juu, geuzeni ile sehemu ya juu iwe kama faneli, jazeni maji hadi pale kuta zinapoanza kunyooka, na mbandike rula sifuri ikiwa usawa wa maji hayo. Kiwekeni dirishani mahali pasipofunikwa na paa, ingawa kwenye ghorofa upepo unaweza kupunguza usahihi wake. Uwanjani ni bora. Asome kila siku saa moja asubuhi na kuandika. Baada ya msimu mmoja atakuwa anajua mvua ya mtaa wake kuliko watu wazima wengi, na mtoto mwenye kazi hulala vizuri kuliko mtoto mwenye habari mbaya peke yake.

Kuhusu kupunguza gesi zenyewe nitakuwa mfupi, kwa kuwa hapo ndipo watu hupewa orodha ndefu za mambo madogo. Kwa makadirio ya IPCC, miji ilihusika na kati ya asilimia 67 na 72 ya gesi joto duniani mwaka 2020. Kwa mkazi mmoja, yenye uzito ni machache: unasafirije kila siku, nishati gani inapika na kupoza au kupasha joto nyumba yako, unapanda ndege mara ngapi, na chakula kiasi gani unakitupa. Mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, na asilimia 60 yake ilitoka majumbani. Kikifika jalalani kikafukiwa, huoza bila hewa na kutoa methani, gesi ambayo ndani ya miaka 20 hupasha joto zaidi ya mara 80 kuliko hewa ukaa ya uzito ule ule. Kupanga manunuzi na kutengeneza mboji pamoja na majirani ni hatua za kweli. Balbu za LED nazo ni nzuri, ziweke na uendelee na mengine.

Lakini tazama orodha hiyo tena. Huwezi kupanda basi lisilokuwepo, wala kupeleka mabaki kwenye mboji kama mji haujatenga mahali. Ndiyo maana unapouliza mtu mmoja atabadilisha nini, ninakujibu kwamba ukibaki mmoja utabadilisha kidogo, na ukiwa mmoja kati ya 20 wanaojua wanachokitaka utabadilisha mtaa. Mwaka 2006 Stockholm ilijaribu kwa miezi saba kutoza magari yanayoingia katikati ya jiji. Kabla ya jaribio wengi walipinga. Magari yalipopungua kwa karibu moja ya tano na watu wakaiona tofauti kwa macho yao, maoni yakageuka, na katika kura ya Septemba mwaka ule ule wakazi wa jiji wakaunga mkono. Tozo ikawa ya kudumu mwaka uliofuata. Ombeni majaribio. Kufunga barabara moja Jumapili nne, kuweka vivuli vya muda kwenye kituo kimoja cha basi kwa msimu mmoja: kiongozi anayeogopa kubadilisha mji mzima anaweza kukubali jambo linaloweza kurudishwa lilivyokuwa.

Wengine wamefika mbali zaidi. Kundi la wanawake wazee wa Uswisi lilikwenda hadi Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu likidai kwamba nchi yao haiwalindi na joto linalowaua watu wa umri wao, na Aprili 2024 likashinda. Si lazima ufike huko, lakini ni vizuri kujua kwamba madai ya wastaafu kuhusu joto la vyumbani mwao yamesikilizwa na mahakama kubwa.

Neno kuhusu miti, kwa kuwa kila kampeni huanzia na kuishia hapo. Siku ya kupanda kuna picha na hotuba. Miezi sita baadaye vijiti vikavu. Freetown, Sierra Leone, ilipoanza mradi wake wa miti milioni moja mwaka 2020, iliwalipa wakazi kuitunza na kufuatilia kila mmoja kwa picha za simu, hivyo fedha zilifuata mti ulio hai. Mkipewa miche 50, ulizeni kwanza nani atamwagilia katika kiangazi cha kwanza na cha pili. Kama jibu halipo, pandeni 10 upande wa barabara unaopigwa na jua la alasiri, mahali watu wanaposubiri basi.

Kuhusu kufika kwenye maamuzi, karibu kila mji una ratiba ya bajeti, na kuna miezi michache tu ambayo maoni ya wakazi bado yanaweza kuingia. Tafuta ratiba hiyo kabla ya kitu kingine; malalamiko yanayokuja bajeti ikishapitishwa husikilizwa kwa upole na kuwekwa kabatini. Porto Alegre, Brazil, tangu 1989 iliwapa wakazi nafasi ya kuamua sehemu ya matumizi ya mji, na miji mingi imeiga. Uliza kama wako una utaratibu wa aina hiyo, na kama mji una mpango wa tabianchi uliokwisha kupitishwa. Ukiwepo, usome na utafute mtaa wako ndani yake. Ni rahisi zaidi kudai kilichoahidiwa kuliko kuomba kipya.

Barua iwe ya ukurasa mmoja na ombi moja. Kwa mfano: “Sisi wakazi 23 wa jengo hili tumepima joto la vyumba vyetu kwa wiki sita. Alfajiri, vyumba vya ghorofa ya juu vilikuwa na wastani wa nyuzi 30. Tuna wazee wanane. Tunaomba maktaba ya kata iwe wazi hadi saa 3 usiku siku ambazo mamlaka ya hali ya hewa imetoa onyo la joto. Vipimo vimeambatanishwa.” Hakuna neno tabianchi ndani yake na halihitajiki. Kuna tatizo lililopimwa, watu wanaoweza kutajwa, na jambo ambalo afisa anaweza kulikubali bila kusubiri wizara. Ipelekeni kwa diwani au mwakilishi wenu na nakala kwa idara ya afya na ya mipango miji, mkitaja tarehe mtakayorudi kuulizia. Siku hiyo ikifika bila jibu, nendeni ofisini watu watatu na daftari lenyewe mkononi, mwombe kuonana na mtu anayeshughulikia mitaro, miti au afya ya umma, kwa sababu huyo ndiye mwenye uwezekano mkubwa wa kukosa vipimo mlivyonavyo na kuvihitaji katika maombi yake ya bajeti.